Mwanamke wa Kupimia

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo, ina bendera, ina wimbo na uwanja wa ndege, ila jina lake haliandikwi bila kibali, na kibali changu kilikwisha muda mwezi wa pili. Nimeomba kingine. Naambiwa faili liko mezani. Basi wacha niiite nchi tu, nanyi mwelewe kwamba si ya kwenu, maana kwenu mambo kama haya hayawezi kutokea.

Katika nchi hiyo alizaliwa mtoto wa kike, bibi yake akampa jina la Sikujua, kwa kuwa hakuna aliyejua kama mimba ile ingefika mwisho. Mama yake, Bi Mwasiti, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Siku moja Sikujua, akiwa na miaka saba, alimwona mama yake akilikata jora moja la buluu vipande viwili: hiki sketi, hiki kaptula.

"Mama," akauliza, "kitambaa chenyewe kinajua kwamba ni sketi?"

"Kinajuaje, nacho kitambaa?"

"Sasa nani anajua?"

"Mkasi. Na mkasi naushika mimi, na mimi nimeletewa karatasi na shule. Nenda kachote maji."

"Na kaka Hamdani je?" Hamdani alikuwa amekaa mlangoni akitazama kuku.

"Hamdani ni mwanamume."

"Na yeye ameletewa karatasi?"

Maji aliyachota, lakini swali hakuliweka chini. Alikwenda nalo shuleni, akaingia nalo chuo kikuu, akapata nalo udaktari wa falsafa, kisha akakaa miaka kumi na mmoja akiliandikia kitabu alichokiita *Mkasi Ulitangulia*. Mimi si msomi, lakini nilivyokielewa ni hivi. Sisi hudhani kwamba mwanamke alikuwapo kwanza, ndipo zikaja kazi za kike, nguo za kike na makatazo ya kike, yakamkuta. Daktari Sikujua alisema ni kinyume chake. Kazi na makatazo vilikuja kwanza, vikakata, na kile kilichobaki mezani ndicho tulichokiita mwanamke, kisha tukaapa kwamba kimeumbwa hivyo. Tena alisema mtu haitwi mwanamke mara moja tu, siku anapozaliwa. Huitwa kila asubuhi, naye kila asubuhi huitika, mpaka anasahau kwamba anaitika.

Kitabu kilichapwa nakala mia tatu. Arobaini zilinunuliwa, nyingine zikakaa stoo ya chuo zikizuia mlango usigonge. Serikali haikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Ni nchi yenye uhuru mkubwa wa kuandika, ilimradi watu wasisome.

*

Balaa lilianzia kwenye maandazi. Gazeti moja lilikuwa limenukuu kipande cha ukurasa wa arobaini na moja, na gazeti hilo, baada ya kuzeeka siku mbili, likafungiwa maandazi ya Mheshimiwa Ndomondo, Waziri wa Desturi, Maumbile na Michezo. Daktari alikuwa ameandika: "Miili ina tofauti zake, nami sizikani. Lakini hakuna mwanamke mmoja aliyehifadhiwa kabatini ili wenzake wapimiwe kwake, kama ilivyohifadhiwa kilo ya shaba." Mheshimiwa alisoma mpaka "hakuna mwanamke", na hapo ndipo doa la mafuta lilipoanzia.

"Hakuna mwanamke?" akasema Waziri kwa mshangao. "Na aliyenipikia asubuhi ni nani?"

Tume iliundwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, wote wanaume, kwa sababu suala lilihusu wanawake na serikali haikutaka upendeleo. Daktari Sikujua aliitwa. Alikuwa na miaka arobaini na saba wakati huo, mwembamba, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla hajasema na kuinamisha kichwa upande wa kushoto anaposikiliza. Hakuwahi kuolewa wala hakuwa na mtoto. Alivaa miwani iliyofungwa uzi.

"Swali letu ni fupi," akasema Mheshimiwa. "Wewe ni mwanamke au si mwanamke?"

Daktari alikohoa. "Mheshimiwa, nikijibu ndiyo, mtanipa nini?"

"Hatutakupa chochote."

"Basi mtaninyima nini?"

Wajumbe walitazamana. Mmoja akafungua sheria za nchi, akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika ukurasa wa tatu, akaacha.

"Ndiyo maana nauliza," akasema Daktari. "Tangu nimezaliwa sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyetaka jibu. Wote walitaka kunipangia jambo. Ningependa kulijua jambo lenyewe kwanza."

Karani akaandika kwenye kumbukumbu: Shahidi hana hakika.

Mheshimiwa alisimama, na kwa kuwa redio ya taifa ilikuwapo, alihutubia. Alisema taifa lake lina kilo, na kilo hiyo imehifadhiwa. Lina mita, na mita hiyo imehifadhiwa. Lina lita. "Lakini leo," akasema huku sauti ikimtetemeka, "msomi wetu ametufumbua macho kwamba hatuna mwanamke! Kila mtu anaye wake nyumbani, anampima kwa mama yake au kwa jirani. Hii ni aibu! Hata lugha yetu imezembea. Ikisema 'amekuja', hatujui amekuja nani. Kuanzia leo, taifa litakuwa na mwanamke wake rasmi, wa kupimia wengine wote. Na nani anafaa kuliko huyu, aliyeligundua hitaji hilo mwenyewe, ambaye ameshafika hapa, na ambaye hana mume wa kutuuliza yuko wapi?"

Wajumbe walipiga makofi. Daktari alisimama kusema kwamba hakuandika hivyo, kwamba aliandika kinyume cha hivyo. Mheshimiwa akamnyamazisha kwa mkono, tena kwa upole.

"Huna haja ya kufikiri tena kuhusu mwanamke, Daktari. Sasa wewe ndiye mwanamke. Kilo haina maoni kuhusu uzito."

*

Alipelekwa Jumba la Vipimo, ghorofa ya tatu, chumba namba sita, kati ya chumba cha kilo ya shaba na chumba cha mita ya chuma. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, na kiti kilichogongomelewa sakafuni kikitazama mashariki. Joto liliwekwa sawasawa mchana na usiku, asije akatanuka.

Sheria ya kumhifadhi ilitungwa kwa siku moja. Wanasheria waliichukua ile ya kilo, wakafuta neno "kilo". Kwa hiyo Sheria ya Mwanamke wa Taifa ilisema haruhusiwi kuguswa kwa mikono mitupu, kuwekwa juani, wala kuondolewa ila kwa sababu mbili: kuharibika, au kukiri mwenyewe kwa maandishi kwamba si sahihi. Hiyo ya pili hakuna aliyejua iliingiaje, maana hakuna kilo iliyowahi kukiri.

Mtu aliyekabidhiwa kumpima ni Mpimaji Mkuu, Bwana Kizito Ngwale, mzee wa miaka hamsini na minane mwenye masharubu ya kijivu na koti jeupe lililopigwa pasi na mkewe. Alikuwa amefanya kazi katika jumba lile miaka ishirini na sita na hakuwahi kukosea hata gramu. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alibisha hodi kwenye kioo.

"Shikamoo," Daktari akamwamkia, kwa kuwa alimzidi umri.

Bwana Kizito akashtuka. Mita haikuwahi kumwamkia. "Marahaba, Daktari. Naomba radhi. Nimeagizwa nipime hatua yako, sauti yako, na muda unaochukua kumwambia mtu pole akipiga chafya."

"Nisiposema pole?"

"Nitaandika sifuri."

Akaanza kupima. Kila siku kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni alikaa upande wa pili wa kioo na mashine yake, akiandika. Kila Ijumaa jedwali lilipelekwa wizarani, na kila Jumatatu likatoka likiwa kanuni. Kisha wapimaji wadogo wakatawanyika mikoani na vibanda vyao vya turubai. Wanawake wa nchi nzima wakapangwa foleni, wakapimwa, wakapewa vyeti. Aliyefikia asilimia tisini alikuwa mwanamke. Chini ya hapo alikuwa pungufu, na pungufu hawezi kushika leseni, kurithi, wala kusafiri mpaka arekebishwe.

Mwanzoni Daktari aliona mwanya, na mimi simlaumu. Alijiambia: kama kila nifanyalo litakuwa kanuni, basi nitafanya mema. Akaomba magazeti, akasoma saa nne kwa siku. Akabishana na Bwana Kizito kwa sauti kubwa juu ya kila kitu. Akakaa amenyoosha miguu. Akangoja Jumatatu.

Kanuni zilipotoka, hakuona kusoma mahali popote.

"Wizara imeona ni hitilafu ya kifaa," Bwana Kizito akamweleza, akiinamisha macho. "Kusoma wamekuacha nje ya jedwali. Na ubishi pia. Lakini kiti wamekichukua. Wanawake wote wanatakiwa kukaa wakitazama mashariki."

"Na nini kingine?"

"Vitunguu. Hukula vitunguu wiki nzima."

"Sili kwa sababu vinanichoma tumbo!"

"Niliandika hivyo pembeni, Daktari. Pembeni hawasomi."

Basi wanawake wote wakakatazwa vitunguu, na wale waliokuwa wakiviuza sokoni wakakabidhi meza zao kwa waume zao. Daktari aliposomewa kanuni hiyo alicheka kwa hasira, na Bwana Kizito, kwa mazoea, akabonyeza saa: sekunde sita. Wiki iliyofuata arusi zikawa na mtu wa kushika saa, na vicheko vikakatwa katikati kama redio iliyochomolewa. Tangu siku hiyo Daktari hakucheka.

Akajaribu kutofanya lolote. Alilala siku tatu akitazama ukuta, bila neno. Siku ya nne wanawake wakashauriwa kutazama ukuta kuanzia saa nane hadi saa kumi. Hapo ndipo alipoelewa alipowekwa. Zuri lolote alilolifanya lilichujwa likabaki wizarani. Udhaifu wake, maradhi yake na uchovu wake ndivyo vilivyopita, vikawaangukia wenzake. Alianza kuogopa kukohoa.

*

Mwezi wa tano tangu afungiwe mle, Bi Mwasiti aliruhusiwa kumwona mwanawe, dakika ishirini, kwa kupitia kioo chenye matundu ya kusemea. Alikuja na chupa ya chai ambayo haikuruhusiwa kupita.

"Umekonda, mwanangu."

"Usiseme hivyo, mama. Wataandika."

Bi Mwasiti akamtupia jicho Bwana Kizito, naye akaweka kalamu chini, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Nilipimwa Jumanne," akasema Bi Mwasiti. "Nimepata hamsini na nane."

Daktari aliweka kiganja kwenye kioo.

"Nikawaambia, nyie watoto, huyo mnayenipimia nimemzaa mimi. Wakasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Mwanamke wa Taifa hana mtoto, kwa hiyo mimi nimezidi. Halafu hatua zangu zimepungua. Kwa hiyo nimezidi hapa, nimepungua pale. Wamechukua leseni ya cherehani." Akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akakasirika kwamba amelia. "Miaka sitini na tisa nimeitwa mwanamke nikiwa sitaki, nikitaka kulala, nikitaka kuachwa. Niamke, nipike, ni mwanamke! Ninyamaze, ni mwanamke! Leo ndiyo wananiambia si mwanamke? Nani atanirudishia hizo kazi nilizofanya?"

"Mama, nisamehe."

"Sikulaumu wewe. Ila nakuuliza, wewe uliyesoma. Hapa unatokaje?"

Jioni ile Daktari aliandika barua kwa Waziri: Mimi, Mwanamke wa Taifa, nakiri kwamba si sahihi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilisema kwamba Mwanamke wa Taifa ni sahihi kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo kauli yake kwamba si sahihi haiwezi kuwa sahihi. Akaandika mara ya pili. Akaandika mara ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile, ila la tatu lilipigwa mhuri mwekundu.

*

Mwezi wa tisa, siku ya Ijumaa, Bwana Kizito alibisha hodi kwenye kioo mapema kuliko kawaida. Koti lake halikuwa limepigwa pasi.

"Daktari, kuna jambo."

"Shikamoo kwanza, Bwana Kizito."

"Marahaba." Akakohoa kidogo. "Daktari, mimi ni mwanamke."

Daktari hakucheka. Aliinuka, akasogea karibu na matundu. "Kwa mujibu wa nani?"

"Wa mashine. Kila Ijumaa naijaribu mashine kwa mfuko wa saruji, inatoa sifuri, najua iko sawa. Leo mfuko haupo, umechukuliwa kwenda kujenga ukuta wa Mheshimiwa. Nikaona nisimame mwenyewe. Imetoa tisini na tisa na nusu. Nimerudia mara tatu." Akafungua daftari kumwonyesha, ingawa kutoka pale asingeweza kusoma. "Mke wangu alipata sitini na moja. Hakuna mwanamke katika nchi hii aliyepita tisini na nne."

Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto. Daktari alimtazama, naye akajiona. Miezi tisa mtu huyu alikuwa amemkazia macho saa saba kila siku. Alikuwa ameokota hatua yake, kikohozi chake, namna ya kushika meza kabla ya kukaa.

"Nyumbani wamegundua kitu?" akauliza.

"Mke wangu analalamika nimeacha vitunguu. Sikufahamu ni kwa nini. Naviona tu havinifai."

"Bwana Kizito, chana karatasi hiyo."

"Siwezi."

"Watakuumiza."

"Nimepima miaka ishirini na sita. Sijawahi kuchana." Akalifunga daftari. "Lakini nataka kukuuliza. Mimi ni nini sasa? Nina wajukuu watano. Wananiita babu."

Daktari alikuwa amelijibu swali hilo kwa kurasa mia nne, na hakuna hata ukurasa mmoja uliomjia. Mtu aliyemsikiliza alikuwa anaogopa, naye akaona kwamba kitabu chake hakikuwa na mahali pa mtu anayeogopa. Mwishowe alisema, "Wewe ndiye uliyekuwa jana. Wajukuu wakikuita, itika."

Bwana Kizito akatikisa kichwa. Kisha akaenda kupeleka jedwali.

*

Yaliyosemwa ofisini kwa Waziri nayajua kwa sababu kuta za ofisi hizo zilijengwa na mzabuni wa bei ya chini kabisa. Mheshimiwa alimwita Wakili wa Serikali, Bwana Tumsifu Halingo, mtu makini, mwenye suti ya kahawia na mkoba usiojaa.

"Umshitaki huyo mwanamke," akasema Mheshimiwa. "Amemfundisha mtumishi wangu kuwa mwanamke."

"Mheshimiwa, tukisema amemfundisha, tumekubali kwamba jambo hili linafundishika. Ndicho kitabu chake kinachosema, sura ya tatu."

"Basi usiseme amemfundisha."

"Tusiposema amemfundisha, basi Bwana Kizito yu hivyo kwa kuzaliwa. Ni mwanamke bora kuliko wote nchini, na ana masharubu."

Mheshimiwa alikwenda dirishani. Akatazama bendera kwa muda. "Hakuna jibu la tatu?"

"Lipo. Mwenyewe akiri kwamba si sahihi. Akikiri, vipimo vyote alivyotoa vinafutika, na cha Bwana Kizito kinafutika navyo."

"Si amekwisha kuandika mara tatu?"

"Tulimkatalia, Mheshimiwa. Mara tatu. Kwa mhuri. Sasa ni lazima akiri upya, kwa karatasi yetu. Na mpaka akiri, sheria inasema kipimo kikitiliwa shaka, upimaji wote nchini unasimama."

Kwa hiyo Jumatatu Bwana Tumsifu alipanda ngazi mpaka chumba namba sita. Kwa mara ya kwanza katika miezi tisa mlango wa kioo ulifunguliwa kabisa. Upepo wa ngazini uliingia, na ndani yake mlikuwa na harufu ya mahindi ya kuchoma kutoka barabarani. Daktari alishika ukingo wa meza. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: Mimi, Sikujua binti Malongo, nakiri kwamba mimi si kipimo sahihi cha mwanamke.

"Ukisaini, unashuka na mimi sasa hivi," akasema Wakili. "Gari iko chini."

Alichukua kalamu. Aliisogeza mpaka ikagusa karatasi. "Na Bwana Kizito?"

"Atastaafishwa. Kwa sababu za kiafya. Hatadhuriwa."

"Na chumba hiki kitakuwa cha nini?"

Wakili alisita. Alikuwa mtu mkweli kila alipoulizwa swali la moja kwa moja, na ndiyo maana hakupandishwa cheo. "Hakitakaa kitupu. Mpwa wa Mheshimiwa anakuja. Ana miaka kumi na tisa. Yeye hajaandika kitabu. Upimaji utaanza tena Jumatatu ijayo."

"Na leo, wakati huu tunaozungumza, nani anapimwa?"

"Hakuna. Vibanda vimefungwa tangu Ijumaa. Vyeti vyote vimesimamishwa."

Bado kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Wakili alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mtu akitaka kitu kama Daktari alivyoutaka ule mlango. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Kisha akainua kalamu.

"Neno hili 'sahihi'," akasema, "maana yake nini hapa? Siwezi kukiri jambo nisilolielewa."

Wakili akafungua mkoba, akautazama ndani, hakukuta kitu. "Itabidi niulize wizarani."

"Kaulize. Mimi sina pa kwenda."

Mlango ukafungwa tena.

*

Ikawa kila Jumatatu. Wizara ilichukua wiki tatu kueleza "sahihi". Ilipoleta maelezo, Daktari akauliza kuhusu "kipimo". Baada ya "kipimo" akaomba ufafanuzi wa "cha". Bwana Kizito alikuwa amewekwa chumba namba saba kama kielelezo cha kesi, na mkewe alimletea chakula kisicho na vitunguu. Mheshimiwa hakuweza kuongeza ukali, kwa kuwa kukiri kwa kulazimishwa hakuhesabiki. Jumatatu moja Bwana Tumsifu, huku akitazama viatu vyake, alimkumbusha Daktari kwamba ipo pia sababu ya kwanza ya kukiondoa kipimo, ile ya kuharibika, na kwamba wizara imeanza kuisoma. Alilitaja kwa upole tu. Nchi ile haitishi watu.

Msifikiri Daktari alikuwa shujaa asiyeumia. Nywele zilimtoka. Alisahau barabara za mji wake, akawa anazitaja kwa kidole juu ya meza, moja baada ya nyingine, na kila wiki barabara moja ilikosekana. Usingizini aliota anasaini, akaamka na furaha, kisha akaona kioo.

Jumatatu ya kumi na nne Bi Mwasiti alikuja, akaingizwa mpaka ndani ya kioo. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumzuia na chupa yake ya chai, maana walinzi nao hawakujua tena ni kanuni gani inayotumika.

"Leseni wamenirudishia," akasema. "Wamesema kwa sasa hawana cha kunipimia. Sokoni wamerudi wote. Kwenye arusi ya kina Mwanamvua juzi watu wamecheka mpaka mzee mmoja akaondoka kwa hasira." Akaiweka chupa mezani. "Na nimeambiwa kuna karatasi. Kwamba ukisaini unatoka."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tisa."

"Sasa unangoja nini?" Sauti ilipanda. "Sikukuzaa uje ukae kwenye kabati! Mimi nilikwisha kuzoea kuwa pungufu. Tungekula vya Hamdani. Saini utoke!"

Daktari alimweleza kuhusu mpwa wa Mheshimiwa, kuhusu vibanda, kuhusu Jumatatu ijayo. Alimweleza pole pole, bila neno hata moja la kitabuni. Kisha akasema, "Mama, nataka kutoka. Kila anapokuja, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kalamu. Leo nimefikia neno la mwisho. Sina tena la kuuliza."

Bi Mwasiti alifungua kizibo cha chupa, akakifunga tena. Alikuwa bado anamtazama mwanawe, ndipo Wakili akaingia na karatasi, amechoka, suti yake imelegea mabegani. Aliwaamkia, akaitandaza karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake. Daktari aliitazama kalamu.

"Baba," Bi Mwasiti akamwita Wakili, "mimi macho yangu mabovu. Hebu nisomee hiyo karatasi inayomhusu mwanangu."

"Bila shaka, mama. Inasema: Mimi, Sikujua binti..."

"Hapo hapo. Nani?"

"Sikujua."

"Kabla ya hapo."

"Mimi."

"Wewe?"

"Hapana, mama. Yeye."

"Yeye nani? Karatasi imesema mimi, na aliyesoma ni wewe. Mimi sikusoma sana, baba, lakini mtoto wangu hawezi kuwekewa jina kwenye karatasi ambayo neno lake la kwanza halijulikani ni la nani. Kaulizeni hilo kwanza."

Bwana Tumsifu aliirudia karatasi. Alisoma neno lile moja kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani. Kisha akaketi, akafungua vifungo vya koti, akaandika pembeni mwa karatasi kwa mwandiko mzuri: Neno la kwanza linahitaji ufafanuzi. Akakadiria kwamba wizara itahitaji miezi minane, pengine mwaka.

Bi Mwasiti akamimina chai, akampa Wakili, akampa mwanawe. Walikunywa mpaka vikombe vikaisha. Walipoondoka, mlango ulifungwa kwa ufunguo. Daktari alibaki amesimama, sikio kwenye matundu ya kioo, akisikiliza hatua za mama yake zikishuka ngazi, moja ndefu, moja fupi, nyingine ya kuburuta, na hapakuwa na mtu wa kuzihesabu.